Ukurasa wa Kati

Jumatatu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Mkuu wa ofisi ya mawakili aliutupa wasifu wa kurasa tatu juu ya meza. Ukateleza mpaka ukamgonga mgeni wake kwenye kiwiko.

"Hii ni kazi yako?"

Mgeni hakuugusa. Alivaa miwani kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyepiga chapa hukumu za mahakama kwa miaka ishirini na sita. Baada ya kustaafu alikuwa amepanga chumba kimoja mkabala na mahakama hiyo hiyo, na mawakili walimletea wasifu wao aunyooshe: maneno yaliyolala ayaamshe, mistari iliyopinda aipange. Walimwita Bi Nukta, na waliomwogopa walimwita hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

"Ukurasa wa kwanza ni wangu," alisema alipomaliza kusoma. "Wa tatu pia ni wangu. Huu wa kati siujui."

Naibu wa Mkuu, aliyekuwa amesimama dirishani mikono nyuma, alicheka kwa pua.

"Soma palipopigiwa mstari mwekundu," Mkuu aliamuru. "Kwa sauti."

Bi Nukta akasoma: "'(ch) Nikiwa wakili kiongozi katika Shauri B/41 la ardhi ya bondeni, niliendesha kesi kwa weledi usio na shaka na kupata ushindi.'"

"Wakili kiongozi katika kesi ile nilikuwa mimi!" Mkuu alipiga meza. "Mimi hapa, miaka sita iliyopita. Huyo binti alikuwa upande wa pili, tena yuko kwenye mazoezi, kazi yake kubeba mafaili. Na upande wao ulishindwa. Leo ananiletea ushindi wangu mwenyewe, eti nimpe kazi! Jumatano saa sita mchana barua inakwenda kamati ya maadili, wamfute uwakili. Na wewe uliyemwandikia nitakupeleka polisi."

"Huyo mwombaji si mtoto wa dada yako?" Naibu alimuuliza Bi Nukta taratibu.

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Aa. Basi."

Hilo "basi" lilimwingia Bi Nukta kama mwiba, lakini alilimeza. "Nipeni dakika tano na karatasi hizi. Hapa hapa, mbele yenu."

Mkuu alitazama saa yake. "Tatu."

Alitumia mbili. Alichomoa pini ya stepla polepole, akainua karatasi moja moja kwenye mwanga wa dirisha mpaka Naibu akalazimika kusogea. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na matundu manne kwenye kona, jozi mbili zilizopishana kidogo. Wa tatu, wenye sahihi ya mwombaji, manne vilevile. Wa kati ulikuwa na matundu mawili tu. Kisha akatazama jinsi mistari yake ilivyopangwa, kwa herufi kwenye mabano: (a), (b), (ch), (d). Aliandika yote hayo kwenye daftari lake dogo.

"Zifungie kwako mpaka Jumatano," alimwambia Mkuu. "Mtu asiziguse."

"Unanifundisha kazi?"

"Ndiyo," alisema Bi Nukta, akatoka.

*

Saa nne kasoro alimkuta mtoto wa dada yake mlangoni pa chumba chake, macho mekundu. Nyumbani walimwita Msomi tangu akiwa darasa la pili, kwa utani, na alipokuja kuwa wakili kweli jina likamganda.

"Umenimaliza, Mama mdogo."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo gani? Wamenipigia simu ofisini kwangu mbele ya watu! Nani alikutuma uandike kwamba mimi ndiye niliyeshinda ile kesi? Nilikuambia maneno yangu yanatosha. Ukasema yamelala. Ukasema naandika kama mtu anayeomba msamaha."

"Nilisema hivyo, na ulikuwa unaandika hivyo. Lakini hilo la ushindi sikuandika mimi."

"Aliandika nani, malaika?"

Simu ya Bi Nukta ikaita. Alikuwa dada yake, mama wa Msomi, na hakusalimia. "Tangu utoto wetu hukuweza kuona kitu cha mwenzio ukakiacha kilivyo," alisema. "Barua zangu za uchumba ulizisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sasa umesahihisha maisha ya mwanangu. Akifutwa, usije kwangu tena." Akakata.

Bi Nukta alikaa na simu mkononi. Maneno ya Mkuu hayakuwa yamemtikisa, haya yalimtikisa. Mwishowe aliwasha kompyuta, akatoa kwenye printa ukurasa wa kati kama alivyouandika yeye, akamsukumia Msomi.

"Soma. Mstari wa tano."

"'Nililinganisha hati za viapo kumi na nne katika shauri la ardhi ya bondeni na kubaini tofauti ya tarehe katika hati ya tisa.'" Msomi aliinua macho. "Huu ndio niliousaini."

"Wewe ulikuwa umeandika nini mwanzoni?"

"'Nilishughulika na nyaraka mbalimbali.'"

"Ambayo hata mfagizi wa mahakama angeweza kuiandika. Nikakuuliza, nyaraka zipi, uliona nini? Ukaniambia. Nikaandika ulichoniambia." Bi Nukta alivua miwani. "Nilichapa mwenyewe, nikabana pini mwenyewe, mara moja. Karatasi zilizo kwa Mkuu zimebanwa mara mbili, isipokuwa ya kati. Mtu alifungua, akatoa ukurasa wetu, akatia wake, akabana tena."

Msomi alikaa. Sasa sura yake ilikuwa ya wakili. "Basi tuwapelekee nakala hii."

"Watasema nimeichapa leo asubuhi. Na kweli nimeichapa leo asubuhi. Nijibu hili: Shauri B/41 ni nini?"

"Sijui. Mahakamani lilikuwa Shauri la Ardhi namba mia mbili na kumi na mbili. Hiyo B/41 sijawahi kuisikia."

"Na hiyo tofauti ya tarehe ilikuwa ipi?"

"Kulikuwa na mzee mmoja, shahidi wa kampuni aliyoitetea Mkuu. Hati yake ilisema bonde lote lilikuwa la kampuni tangu zamani, na ilisainiwa mwezi wa tatu. Lakini kwenye faili la kesi kulikuwa na cheti cha kifo chake, na kilisema mwezi wa kwanza. Nilimwambia wakili niliyekuwa chini yake. Akasema ni makosa ya uchapaji, niachane nayo. Nikaachana nayo."

Bi Nukta alivaa miwani tena. "Hukuniambia habari ya kifo. Uliniambia tarehe tu."

"Hukuniuliza."

*

Jumanne, saa tatu asubuhi, alirudi kwenye ofisi ya mawakili akaketi mapokezi bila kualikwa. Katibu muhtasi wa Mkuu alimwona na kuinamia kazi yake. Walijuana. Zamani walipiga chapa chumba kimoja mahakamani, na siku moja Bi Nukta alimrudishia hukumu ya kurasa arobaini aiandike upya kwa sababu ya pambizo. Katibu hakuwa amesahau.

"Mkuu hayupo."

"Nimekuja kwako. Bahasha ya mtoto wa dada yangu uliipokea lini?"

"Jumanne iliyopita, saa tatu na robo. Muhuri upo."

"Ukaiweka wapi?"

"Droo hii. Ikakaa humo mpaka Ijumaa asubuhi nilipompelekea Mkuu."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi. Peke yangu." Alilisema haraka mno, kama mtu anayefunga mlango wakati mgeni bado yuko kizingitini.

Bi Nukta alivuta daftari la kupokelea bahasha lililokuwa juu ya kaunta. Waombaji kumi na mmoja. Wa saba aliwahi kumsikia: binti wa kaka yake Katibu.

"Shangazi na ufunguo, na mwombaji mmoja mzuri akiondoka njiani," Bi Nukta alisema polepole.

Katibu alisimama. "Sema tena! Mtoto wa kaka yangu ana akili zake, hahitaji niibe karatasi za watu. Unadhani kila mtu ana roho kama yako, ya kutafuta doa kwenye shuka la mwenzie?"

"Ukurasa huo umechapwa na mtu. Wewe ndiye unayechapa kila kitu hapa."

"Nachapa nilichopewa, kama nilivyopewa! Nikibadilisha hata herufi moja wananila nyama. Ona!" Alinyakua kijitabu cha kutangaza ofisi kutoka meza ya wageni na kukirusha mapajani mwa Bi Nukta. "Kila wakili kaandika habari zake mwenyewe. Huyu kaweka namba, huyu kaweka vitone, huyu wala hakupanga chochote. Nimeacha hivyo hivyo, kichefuchefu. Mimi mwenyewe naweka vitone siku zote, muulize yeyote."

Bi Nukta akafungua kijitabu. Ukurasa wa kwanza alikuwa Mkuu, kwa namba. Wa pili alikuwa Naibu. Sifa zake zilikuwa tano: (a), (b), (ch), (d), (e). Chini kabisa aliandika kwamba alikuwa amewahudumia wateja "kwa weledi usio na shaka".

Hakuna mwingine aliyeandika hivyo.

Alipoinua macho, Katibu alikuwa akirudisha faili kabatini nyuma yake. Kwenye mgongo wa faili palibandikwa B/38. La jirani yake lilikuwa B/39.

"Hizo namba ni za mahakama?"

"Ni za kabati letu. Nani wa nje atazijua?"

Mlango wa ndani ulifunguka na Naibu akatokeza, koti mkononi. "Bado upo, mama? Kama unatafuta wa kumbebesha mzigo, usihangaike na mimi. Jumatano na Alhamisi iliyopita nilikuwa mahakamani kutwa."

"Sijakuuliza," alisema Bi Nukta.

Alivuka barabara. Masjala ya mahakama walimjua mpaka hatua zake, na karani wa zamu alimgeuzia kitabu cha mashauri bila maswali. Alhamisi, kesi ya Naibu ilisikilizwa hadi saa kumi. Jumatano iliahirishwa saa tatu na nusu asubuhi, jaji akiwa mgonjwa.

Jioni, kabla ofisi hazijafungwa, alimsubiri Katibu kwenye ngazi.

"Nilikukosea juu ya mtoto wa kaka yako," alisema. Haikuwa rahisi kutoka. "Lakini kesho wakianza kuuliza ufunguo, watakuja kwako, maana umeshasema unao peke yako. Jumatano mchana ulimfungulia nani?"

Katibu alimpita. Ngazi tatu chini akasimama, bado amempa mgongo.

"Alisema anataka kuhesabu waombaji."

*

Jumatano, saa nne kamili, watu watano walikaa katika chumba cha mikutano. Mkuu alikuwa mwisho wa meza, barua ya kamati mbele yake ikingoja sahihi. Kulia kwake alikuwa Naibu, na kushoto Katibu, akiwa na kalamu yake ya kuandikia kumbukumbu. Msomi na mama yake mdogo walikaa upande wa mlangoni, kama washtakiwa.

"Una robo saa," alisema Mkuu.

Bi Nukta aliomba karatasi zitolewe kabatini. Alimwonyesha Mkuu matundu, akamwachia ahesabu mwenyewe. Mkuu alihesabu mara mbili.

"Ukurasa huu uliingizwa baada ya bahasha kutoka kwangu. Sasa, B/41. Ni namba ya nani?"

"Ya kabati letu," Katibu alisema kabla hajaulizwa.

Mkuu aligeuka. "Letu?"

"Mwombaji hawezi kuijua. Mahakamani kesi ile ina namba nyingine." Bi Nukta alikiweka kijitabu wazi mezani. "Aliyeandika ni mtu wa humu, anayepanga sifa zake kwa a, b, ch, na mwenye weledi usio na shaka."

Mkuu alisoma kijitabu, akasoma ukurasa wa kati. Alikisukuma kijitabu mbele ya Naibu. Naibu alitabasamu.

"Mzee, unasikiliza hili? Herufi! Mtu yeyote anaweza kukiokota kijitabu chetu akaniiga. Na nilimwambia huyu mama, nilikuwa mahakamani."

"Jumatano kesi yako iliahirishwa saa tatu na nusu," alisema Bi Nukta. "Nimeona kitabu."

"Nikaenda kunywa chai. Ni kosa?"

"Ulikuja hapa saa saba," alisema Katibu. Kalamu hakuishusha. "Nikakufungulia droo. Ulikaa na bahasha nusu saa."

"Nilihesabu waombaji! Wewe ulitaka nafasi ya mtoto wa kaka yako, sasa unanisukumia mimi." Naibu alimgeukia Mkuu, mikono wazi. "Niambie mwenyewe. Mimi nina sababu gani ya kumharibia binti nisiyemjua? Nanufaika nini?"

Swali lilikuwa zuri, na Mkuu alilipenda. "Jibu hilo," alimwambia Bi Nukta.

"Katika ukurasa halisi kulikuwa na mstari mmoja uliomhusu. Mtoto huyu alieleza kwamba alilinganisha hati za viapo za kesi ya bondeni, akaona hati moja ina kasoro. Ni hayo tu. Mwenye kuogopa kasoro hiyo ndiye aliyeutoa ukurasa."

"Kasoro!" Naibu alipandisha sauti. "Katika hati kumi na nne mtu atakosa kupata kasoro? Ile ya tisa ilikuwa makosa ya uchapaji tu, tarehe imekosewa, hata upande wao waliliona hilo na wakanyamaza!"

Msomi aliinua kichwa.

"Hakuna aliyesema ya tisa."

Naibu alikisogeza kijitabu kando.

"Wala habari ya tarehe hakuna aliyeisema," Msomi aliendelea, sasa akiegemea mbele. "Mama mdogo kasema kasoro. Ya tisa na tarehe vimeandikwa mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wangu. Ambao wewe, unavyosema, hujawahi kuuona."

"Nakumbuka kutoka kwenye kesi..."

"Nani aliiandaa hati hiyo?" Mkuu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikukabidhi mashahidi wewe. Wote kumi na wanne."

"Mzee..."

"Aliyeapa alikufa mwezi wa kwanza," alisema Msomi. "Hati imesainiwa mwezi wa tatu. Nilidhani ni makosa ya kalamu. Miaka sita nimedhani hivyo."

Naibu aliwatazama mmoja mmoja, na hakuona pa kushika. Uso wake ulibadilika, adabu yote ikamtoka.

"Alikuwa keshakubali kusema hayo!" alifoka. "Nilikwenda kwake mara tatu, akasema ndiyo, ndiyo, kisha akafa kabla ya kutia sahihi. Ningefanya nini? Nirudi nikwambie tumepoteza shahidi pekee wa zamani? Wewe uliyesema ukishindwa kesi ile utafunga ofisi? Nikatia mimi. Ukashinda. Ukapigwa picha!"

"Na huyu binti?"

"Angeajiriwa angekaa kwenye meza yangu, karibu na kabati langu, na macho hayo. Ningemkatalia tu, angekwenda na mstari wake ofisi nyingine, na siku moja mtu angemuuliza, tofauti gani hiyo? Lakini akishafutwa kwa uongo, nani atamsikiliza akisema lolote?" Alimnyooshea Bi Nukta kidole. "Kama mngeandika maneno ya kawaida tu, nyaraka mbalimbali, nisingejua hata kama yupo."

"Toka," alisema Mkuu. "Nenda ofisini kwako, ukae humo mpaka polisi waje. Katibu, piga simu."

*

Walipobaki watatu, Mkuu alichana barua ya kamati vipande vinne. Alikuwa amezeeka kidogo tangu saa nne. Alivuta karatasi safi na kuanza kuandika, akisoma kwa sauti: "'Kutokana na hitilafu iliyojitokeza katika ushughulikiaji wa nyaraka, ofisi hii inaona tuhuma hazina...'"

"Hitilafu ya nani?" Bi Nukta aliuliza. "Ilijitokeza yenyewe?"

"Mama mdogo, niachie." Msomi alinyoosha mkono, akauweka juu ya karatasi ya Mkuu. "Juzi saa tatu ulimpigia simu mwajiri wangu ukamwambia mimi ni mwongo. Hukusema hitilafu. Andika: Naibu wangu alitoa ukurasa wa kati katika wasifu wa mwombaji, akaweka alioughushi mwenyewe. Nukta. Mimi niliuamini bila kumuuliza mwombaji hata neno moja. Nukta."

"Sentensi ya pili si ya lazima."

"Ndiyo niliyoijia."

Mkuu aliishika kalamu tena. Aliandika ya kwanza. Akaandika ya pili, kwa mwandiko mdogo zaidi, akatia sahihi. Nakala moja alimpa Msomi, moja ya mwajiri wake.

"Nafasi bado ipo," alisema bila kumtazama. "Ofisi hii inahitaji mtu wa aina yako."

"Inahitaji, ndiyo," alisema Msomi. "Lakini mimi nataka hati ya tisa."

"Hiyo ni ya mteja wangu. Siwezi kuitoa."

"Ilisajiliwa mahakamani. Siyo ya mteja wako tena." Alikuwa ameshasimama. "Utaipokea na wewe, pamoja na maombi ya kufungua upya hukumu. Waliohamishwa bondeni, wateja wetu wa siku zile, bado wanapatikana kwa simu."

Walitoka, wakavuka kuelekea mahakamani. Katikati ya njia Bi Nukta alisema, "Mama yako atanipigia?"

"Sijui. Mpigie wewe. Na usimsahihishe anavyoongea."

Masjala palikuwa na watu saba mbele yao. Walisimama foleni, bega kwa bega, bado wamekunja sura. Zamu yao ilipofika, karani aliwapa fomu ya kuomba nakala, Msomi akaijaza juu ya kaunta kwa mwandiko wake wa haraka. Bi Nukta alimwangalia tu, mikono ameifumbata. Kwenye nafasi ya sababu ya maombi, Msomi hakuandika nyaraka wala hitilafu. Aliandika jina la mzee yule aliyeapa, na tarehe mbili: ya kifo chake, na ya kiapo chake.

Karani akasoma, akarudia kusoma, kisha akainuka mwenyewe kwenda kulitafuta faili.